Msaidizi Akiwa Mtu Mzima



Watoto wetu wengi hupenda hadithi za picha za mashujaa wa Kimarekani. Mmoja wao ni Batman, aliyeanza kuonekana mwaka 1939. Mwaka 1940 alipewa msaidizi, kijana Robin, yatima ambaye wazazi wake wanasarakasi waliuawa. Shujaa alimchukua, akamlea, akamfundisha kupambana na waovu. Lakini mtoto hukua. Katika hadithi za mwaka 1969 Robin aliondoka nyumbani kwenda chuo kikuu, na mwaka 1984 aliliacha jina lake la utotoni akajiita Nightwing. Tangu hapo, hatari inapokuja, wawili hao husimama pamoja tena. Lakini si kazi rahisi. Mlezi bado humwona yule mtoto, na aliyelelewa bado hujiona anapimwa.

Hadithi hizo ni za kubuni, lakini jambo lenyewe twalijua sana. Kijana mmoja aliyekuwa akituwashia mishumaa altareni alirudi kwetu akiwa amesomea uhasibu. Akaomba kulitazama daftari la sadaka, atusaidie. Sisi wazee tukacheka, tukamwambia, "Mtoto, wewe tuwashie mishumaa." Alinyamaza. Jumapili iliyofuata hatukumwona, wala iliyofuata. Hesabu zetu zikaendelea kuharibika, nasi tukaendelea kuulizana vijana wamekwenda wapi.

Ndugu, tumtazame Barnaba. Katika Matendo ya Mitume, ndiye aliyemchukua Sauli mkono wakati wanafunzi wa Yerusalemu walipomwogopa. Ndiye aliyekwenda Tarso kumtafuta, akamleta Antiokia kufanya kazi naye. Mwanzoni majina yao huandikwa Barnaba na Sauli. Tukifika katikati ya sura ya 13, mara nyingi twasoma Paulo na Barnaba. Yule aliyeletwa sasa ametangulia, na hatusomi popote kwamba Barnaba alinung'unika kwa ajili hiyo. Baadaye waligombana kweli, lakini kwa ajili ya Marko, kijana aliyewaacha njiani. Barnaba alitaka kumpa nafasi ya pili, Paulo alikataa. Hata hivyo, katika waraka wake wa pili kwa Timotheo, ni Paulo mwenyewe aliyeomba aletewe Marko, kwa kuwa anamfaa kwa kazi.

Basi wazee wenzetu, tuliyemfundisha akikua tumpe kazi ya mtu mzima, tena tumsikilize. Nanyi vijana, msituache kwa sababu ya neno moja la kipumbavu. Rudini, hata kama bado tunakosea kuwaita watoto.

Sisi tumekwisha kwenda nyumbani kwa kijana yule. Tulimwomba msamaha, na daftari tukaliacha mezani kwake. Hajatujibu bado. Mwombeeni, na mtuombee sisi pia.

Bwana awabariki nyote.