Kitabu Kisichosomwa ni Mzigo

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeufungua wahyi wake kwa amri ya kusoma. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, pamoja na aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, neno tulitakalo kulisema leo si la watu wasiopenda vitabu. Ni la watu wavipendao, nao ndio wasomaji wa karatasi hii. Imekuwa ada katika darsa zetu kuwa mtu akisikia kitabu kinasifiwa baada ya alasiri, magharibi haiingii ila amekwisha kukiagiza. Ukiingia nyumbani kwake utaona majuzuu yenye migongo ya rangi ya dhahabu yamepangwa ukutani, wala hayajafunguliwa. Ukimwuliza habari za mlango wa kwanza atakwambia, "Inshallah, sheikh, nitausoma." Kesho anunua kingine, na huku ada ya chuo ya mtoto wake haijalipwa, na mwenye duka amdai.

Basi na tujiulize: je, mapenzi hayo ni ya elimu, au ni ya mali iliyovikwa kanzu ya elimu? Mwenyezi Mungu katika Sura ya Jumua amewapigia mfano waliobebeshwa Taurati kisha wasiifuate, akawafananisha na punda aliyebeba vitabu. Punda hapati humo ila uzito. Tusidhani kuwa mfano ule wawahusu wengine tu.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), amelieleza jambo hili katika Ihyaa, kwenye mlango wa zaka, alipokuwa akibainisha ni nani fakiri. Maana ya maneno yake ni kuwa vitabu hutakiwa kwa mambo matatu: kufundisha, kujifaidi na kujiburudisha. Cha kufundishia na cha kujifaidi ni haja ya mtu. Ama cha kujiburudisha tu, hicho huuzwa ili mwenyewe alipe kafara na zaka ya fitri. Na mwenye nakala mbili za kitabu kimoja, moja sahihi zaidi na moja nzuri zaidi kwa sura, na abaki na iliyo sahihi, auze ile nzuri. Tazameni! Huyu ni mwanachuoni aliyeishi na vitabu umri wake, wala hakuona vibaya kumpima mtu haja yake hata katika kabati la vitabu.

Wenye jamaa Kitui na Makueni wanaijua nchi ile. Mito yake mingi ni ya mchanga. Hutiririka wakati wa mvua, kisha hukauka, na katika kiangazi watu huchimba mchangani wapate maji. Anayechimba vishimo kumi vya shubiri moja moja hurudi na mtungi mtupu. Anayechimba shimo moja mpaka akayafikia maji, hunywa na kunywesha. Ndivyo ilivyo elimu.

Na huko huko Kitui, Wote, Makindu na Kibwezi wako ndugu zetu katika dini, na wengine ni watu wa pwani waliohamia. Duka la vitabu vya dini halipo katika kila mji. Kitabu kinacholiwa na mchwa katika kabati lako Mombasa, huenda mwalimu wa chuo kule angekisomesha watoto arubaini.

Atasema msemaji: "Je, sheikh, mwatukataza kununua vitabu?" La, hasha. Mwanafunzi hana budi na kitabu, na mwenye kufundisha ana haja kubwa zaidi. Tunalolikataza ni kununua kwa kushindana, na kununua mahali pa kusoma.

Basi twanasihi mambo manne. Kwanza, usimsifie mwenzio kitabu ambacho hukukisoma mpaka mwisho. Kunasihi ni amana. Pili, usinunue cha pili kabla hujamaliza cha kwanza. Aliyekuwa hajaihitimu Safinatu-Najaa kwa mwalimu, hajazoea kusoma Riyadhu-Swalihina ya Imam Nawawi, wala hajaipitia Qurani Takatifu ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy iliyotoka mwaka 1969, ana kazi ya kumtosha miaka. Tatu, azimaneni, na aandike mwenye kuazima na mwenye kuazimwa. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kitu cha kuazima kikipotea mkononi mwako wadhamini, basi asiseme mtu, "Ni kitabu tu." Nne, kile usichokihitaji kitie wakfu, kwani elimu yenye kunufaisha ni miongoni mwa mambo matatu ambayo Mtume (rehema na amani zimshukie) ametufunza kuwa thawabu zake hazikatiki kwa mauti.

Na wala njia si ngumu. Tangu mwaka 2017 treni mpya ya abiria itokayo Mombasa hupita Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Asafiriye na ajitwike kitabu kimoja cha kumpa mwenzake, na akirejea alete habari ya kilichosomwa.

Siku ya Kiyama hatutaulizwa tulikuwa na kabati ngapi. Tutaulizwa tulichokijua, na tulikifanyia nini.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na atukinge na elimu isiyofaa na nafsi isiyoshiba. Amin.