Tukishaona Tumboni, Tufanye Nini?

Ndugu zangu Waislamu, hapa Kampala nimeulizwa: ultrasaundi ikionyesha kuwa mtoto tumboni amejaa maji kichwani, je, hatuingilii elimu ya ghaibu? Sioni hivyo. Mashine hupokea mwangwi wa mawimbi ya sauti. Inaona maji, haioni ajali ya mtoto wala riziki yake.

Swali zito ni jingine: tukishajua, tufanye nini? Kipimo cha kukagua maumbile ya mtoto hufanywa kati ya wiki ya 18 na 22, karibu na siku 120 za kupulizwa roho. Baada ya hapo kutoa mimba ni haramu, isipokuwa kuokoa uhai wa mama. Basi picha ina kazi gani? Kutuandaa. Katika hospitali ya CURE, Mbale, Dkt. Benjamin Warf na wenzake waliendeleza upasuaji wa kuyafungulia maji hayo njia bila kuacha mrija mwilini.

Lakini mama hafiki Mbale kwa dua peke yake. Anahitaji nauli na wa kumsindikiza. Hapo ndipo tutakapoulizwa sisi tuliojua. Wallahu aalam.