Kushauriana ni Amana

Enyi ndugu zetu, Mtume (S.A.W.), juu ya kuteremshiwa wahyi, aliwataka masahaba zake shauri kabla ya vita vya Uhud, akaifuata rai ya wengi ijapokuwa yake ilikuwa nyingine. Sisi ni nani, basi, hata tuukimbie mkutano wa mji wetu?

Mwaka 2019 baraza la kuamua kesi za mazingira lilibatilisha idhini ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Lamu, kwa kuwa wenyeji hawakushauriwa ipasavyo. Wenyeji hao hawakukaa vibarazani wakinung'unika. Walisimama wakadai haki yao.

Nasi tukiitwa kushauriana juu ya bandari, skuli au maji, tuhudhurie, wake kwa waume, tuseme kweli kwa adabu. Anyamazaye leo asimlaumu aliyempangia kesho. Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika kheri. Amin.