Wazanzibari Waliosimama Njiani

Katika Heart of Darkness, kisa ambacho Joseph Conrad alikitoa kwanza katika jarida la Blackwood's mwaka 1899, kikawa kitabu mwaka 1902, Wazanzibari hutajwa mara moja tu, katika kipande cha sentensi, kisha hawaonekani tena. Marlow, baharia anayesimulia, yumo safarini kwa miguu kutoka pwani ya Kongo kwenda bara, naye amkuta Mzungu mmoja amepiga kambi kando ya njia, vifungo vya sare vi wazi, karimu kwa kinywa na mlevi kwa hali, na pamoja naye wapo Wazanzibari wembamba wenye silaha. Mzungu yule anadai kuwa yeye ni mwangalizi wa barabara. Na maili tatu mbele, mahali ambapo barabara yenyewe haionekani, Marlow ajikwaa juu ya maiti ya mtu mweusi wa makamo mwenye tundu la risasi katika paji la uso. Aghalabu wasomaji hupita hapo upesi wakimkimbilia Kurtz, wakala wa pembe za ndovu na shujaa mwovu wa kisa. Mimi miguu yangu husita palepale kambini.

Conrad hakuyabuni hayo kwa kukaa kitako London. Mwaka 1890 aliitembea mwenyewe njia ile kutoka Matadi hata Kinshasa, akaupanda Mto Kongo kwa merikebu ya moshi iitwayo Roi des Belges mpaka Maporomoko ya Stanley, ulipo leo mji wa Kisangani, na katika kurudi walimpakia wakala mgonjwa, jina lake Klein, aliyefariki njiani. Nchi ile pana ilikuwa milki ya mtu mmoja, Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, ambaye madola ya Ulaya yalimridhia mwaka 1885 kwa ahadi ya kukomesha biashara ya watumwa na kueneza ustaarabu, naye akavuna pembe za ndovu, kisha mpira, hata mwaka 1908 dola ya Ubelgiji ilipoitwaa.

Kurtz ndiye ahadi ile katika umbo la mwanadamu: msemaji fasihi, mchoraji, mjuzi wa muziki, mwandishi wa risala tukufu juu ya kukomesha mila za kishenzi, ambayo chini yake, kwa hati ya mkono uliotetemeka, aliongeza agizo la kuwaangamiza wote. Kuizunguka nyumba yake kuna vichwa vya watu juu ya miti, na nyuso zao, isipokuwa mmoja, zimeelekezwa nyumbani. Swali ni hili: nini kilichomharibu? Jawabu la Conrad laelekea upande wa msitu; msitu ndio uliomnong'oneza, ukamvua nguo za malezi yake. Hapo simfuati. Wanachuoni wa pwani yetu hufundisha kwamba iko nafsi iamrishayo maovu, nafsi ammara, nayo husafiri na mwenyewe popote aendapo. Kurtz alikuja nayo kutoka Ulaya katika sanduku moja na risala yake. Alichokipata mtoni ni mahali pasipo kadhi, pasipo jirani, pasipo hata mtu mmoja ambaye angemwonea haya. Watu walikuwapo maelfu, walakini alikwisha kuamua kwamba macho yao si macho. Ndipo akaweza kukaa kutwa kucha mbele ya nyuso zile zilizomkabili, asione soni.

Mwandishi wa Nigeria Chinua Achebe, katika mhadhara alioutoa Massachusetts mwaka 1975, alimlaumu Conrad kwa dhambi iyo hiyo: Waafrika wa kitabu hiki hawana ndimi ila kwa maneno machache ya kubahatisha. Lawama hiyo ni ya haki, na kitabu chaugua kidogo ugonjwa kinaoutibu. Lakini sitakitupa, kwa kuwa ndani yake mna dhambi nyingine ambayo sijaona mtunzi mwingine akiieleza vizuri namna ile.

Dhambi hiyo ni ya Marlow. Mtu huyu, ambaye ametuambia kuwa huchukia uongo kama achukiavyo mauti, anarudi Ulaya kumzuru mchumba wa Kurtz, na alipoulizwa neno la mwisho la marehemu, ajibu kuwa lilikuwa jina la bibi yule. Wako wasemao kuwa hiyo ilikuwa huruma. Lakini tazama chumba walimoketi: pembeni kimesimama kinanda kikubwa cheusi, na vinanda vya siku zile vilivikwa vibao vya pembe za ndovu. Bibi yule aliepushwa kujua vidole vyake vilikuwa vikigusa nini. Katika dini yetu aufichaye ushahidi moyo wake huingia dhambini, nami namwona Marlow ni fisadi kuliko Kurtz, kwa sababu Kurtz alipokuwa akikata roho alijihukumu kwa neno lake la mwisho la kweli, ilhali Marlow alifunga mlango juu ya hukumu ile, akaondoka kwa adabu.

Si kila aliyeuona mto ule alifanya hivyo. Roger Casement, ambaye Conrad alionana naye Matadi, alirudi huko mwaka 1903 akiwa balozi mdogo wa Uingereza, akasikiliza waliokatwa mikono na waliofiwa, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1904.

Na sisi? Mwaka 1887 Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa Unguja wa pembe na watumwa, aliupokea uwali wa Maporomoko ya Stanley chini ya bendera ya Leopold, kwa mshahara. Maisha yake ameyasimulia kwa Kiswahili safi: vita, miji iliyotekwa, pembe kwa hesabu ya frasila, wala hakuficha kama Marlow, lakini majuto sikuyaona. Baina ya anayesema uongo kwa huruma na anayesema kweli bila toba, sijui yupi yu mbali zaidi na uongofu. Ama wale wembamba wenye bunduki, wengine wao walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na ujira wao ukagawanywa Unguja. Kuwahukumu sawa na aliyewakodisha si insafu, wala kuwasahau si insafu. Conrad hasemi ni nani aliyempiga risasi yule mtu wa makamo: mlevi, mmoja wa wetu, au mwingine kabla yao.

Basi msomaji uliyeko Unguja, Bagamoyo au Ujiji, ikiwa nyumbani kwenu yamebaki masimulizi ya babu aliyekwenda Kongo kumtumikia Bula Matari, yaani dola ile ya Leopold, muulize mzee aliyeyarithi kabla hajafariki, nawe uyaandike yote, pamoja na yale atakayoyasema kwa sauti ndogo.