Je, udongo unaweza kutudai?



Rafiki, fundi akimwaga oili ya pikipiki yako, ile chafu inaenda wapi? Hapa Dodoma mara nyingi inaishia chini, au inapakwa kwenye nguzo kuzuia mchwa. Fundi mmoja aliniambia, "Frateri, hiyo si ardhi tu? Itanyonya."

Kunyonya, itanyonya. Tena udongoni wamo bakteria wanaokula mafuta. Ila wana masharti yao. Mwezi Mei 2020, huko Norilsk, Urusi, takriban tani 20,000 za dizeli zilivuja kutoka kwenye tangi moja. Nyingi ziliingia mitoni, nyingine ardhini. Kwenye baridi kali kama ile bakteria hufanya kazi polepole mno, na doa la mafuta linaweza kudumu miongo.

Sisi joto tunalo. Tunachokosa ni maji. Mvua zetu ni za msimu mmoja, na kwenye udongo mkavu bakteria hao hao hulala. Mafuta nayo huzifunika chembe za udongo, hata mvua ikija maji hayapenyi vizuri.

Sasa, hapo kuna dhambi? Nimemkosea nani? Mt. Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba haki inadai kurudisha ulichochukua, siyo kujuta tu. Lakini udongo si mtu, na atakayelima mtama pale miaka ishirini ijayo labda hajazaliwa. Nitadaiwaje na mtu ambaye hayupo?

Fikiria hivi. Nachimba shimo njiani leo, naliacha wazi. Baada ya miaka kumi anatumbukia mtoto wa miaka mitano. Siku nachimba hakuwepo duniani. Je, nitasema sikumkosea? Papa Fransisko, katika Laudato Si' (2015), aliita jambo hili kwa jina lake: haki kati ya vizazi.

Tomaso aliongeza kwamba kama mwenye haki hajulikani, unaweza kutoa sadaka kwa ajili yake. Lakini ardhi iliyokwisha kuchafuka huwezi kuitoa sadaka. Ndiyo maana deni hili ni heri tusilikope kabisa.

Na tusimwachie fundi lawama zote. Sisi tunaolipa na kuondoka bila kuuliza, tumo. Safari ijayo nenda na dumu tupu, mwambie akinge humo, isimwagike. Na jioni, unapochunguza dhamiri, ongeza swali moja: leo nimemwachia nini atakayekuja baada yangu?