Mlaji Asiyerudi

Njaa ni ya kila mtu, lakini jiko si la kila mtu. Aliye kwake hula chakula cha wanaompenda. Aliye safarini hula chakula cha asiowajua. Nyumbani mapenzi ndiyo mlinzi wa chungu. Njiani mlinzi wake ni nani? Swali hili laonekana dogo kwa sababu huulizwa kila siku na matumbo, si na wanafalsafa. Hata hivyo, kila alaye mkononi mwa mtu asiyemjua ameuweka uhai wake rehani kwa muda wa sahani moja. Basi yastahili kuulizwa: mpishi ana deni gani kwa mlaji ambaye hatarudi tena?

Miji michache yafaa kuchunguzwa kwa swali hili kama Korogwe, katika Mkoa wa Tanga. Mji huu umekaa kando ya mto Pangani, chini ya milima ya Usambara, nao kwa muda mrefu umekuwa mji wa wapitao. Reli iliyotoka Tanga iliufikia mwaka 1902, ikaendelea hata Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Mkonge, ulioletwa nchini mwaka 1893, ulitanda katika bonde hili, na mashamba yake yakavuta vibarua wengi kutoka mbali, waliojulikana kwa jina la manamba. Hao walikuwa watu walioziacha nyumba zao nyuma sana, ambao posho yao ilipimwa na mtu asiyekuwa mama wala mke wao. Leo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita hapo hapo, na mabasi humwaga wenye njaa na kuwazoa tena mchana na usiku.

Ndani ya mji, katika mitaa kama Manundu, wapo akina mama lishe, ambao wengi huwaita pia mama ntilie. Jina hili la pili ni insha nzima katika maneno mawili. “Mama” ni jina la nyumbani. “Nitilie” ni ombi la mwenye sahani tupu. Mnunuzi hasemi “niuzie”. Husema “nitilie”, kama mtoto mbele ya chungu cha mzazi wake, ijapokuwa fedha iko mkononi. Juu ya mafiga umo ugali wa mahindi au bada, yaani ugali wa muhogo. Yapo maharage, dagaa, kisamvu kilichoungwa kwa tui la nazi, na wali kwa mwenye nafasi. Walaji ni makuli wa sokoni, mafundi cherehani, waendesha bodaboda na wachuuzi. Hawa hurudi kila siku. Fundi asiye na kitu adhuhuri hula na kulipa jioni, wala haandikiwi hati; deni lake limeandikwa usoni pake. Na mpishi akizidisha maji katika maharage, kabla ya jua kutua mtaa wote umekwisha kujua. Kati yao ipo haki, lakini haki hiyo yalindwa na macho ya jirani.

Hatua chache kutoka mitaa hiyo, mahali yanaposimama mabasi, iko namna nyingine ya kula. Basi lasimama kidogo, na papo hapo madirisha yake yazungukwa na mabeseni ya machungwa, mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha na korosho. Katika hoteli za kando ya barabara wali, kuku na chipsi vimekwisha kuiva kabla basi halijaonekana. Abiria hajui kama sahani yake iliivishwa asubuhi au jana, mafuta yamekaangia mara ngapi, wala maji yalichotwa wapi. Ala, apanda, aondoka. Tumbo likimsokota, yeye yuko Same au Chalinze, na hana wa kumlalamikia.

Wapo wasemao kuwa uaminifu ni faida yenye subira: mpishi mwema hupata wateja, na mpishi mbaya huwafukuza. Neno hili ni kweli mtaani, lakini si kweli kituoni. Abiria aliyedhulumiwa leo harudi kesho kulipiza kwa kununua kwingine. Kesho litakuja basi jingine lenye njaa mpya. Mpishi wa njiani aweza kudhulumu mwaka mzima, asipungukiwe na mteja hata mmoja. Ikiwa faida ndiyo mama wa uaminifu, basi kituoni uaminifu ni yatima.

Wengine husema kuwa bei ni mapatano, na aliyelipa na aliyepokea wamemalizana. Lakini mapatano ya kweli yataka pande zote mbili zijue kinachobadilishwa. Mnunuzi wa kitambaa hukishika na kukivuta uzi. Mnunuzi wa chakula hukijua baada ya kukimeza, na pengine hukijua usiku wa manane. Fedha yaweza kulipia unga, kuni na jasho. Dhamiri hailipiwi, maana haipimwi kwa kibaba. Katika kila sahani iuzwayo imo sehemu moja isiyo na bei, nayo ni amana. Mlaji ameiweka pasipo kuombwa, na mpishi ameipokea pasipo kutia sahihi.

Wala amana hii haina upande mmoja. Na atazamwe mwuzaji wa machungwa chini ya dirisha la basi. Akitoa mfuko kabla ya kupokea fedha, basi laweza kuondoka na mali yake. Abiria naye akitoa noti kabla ya kupokea chenji, basi laweza kumwacha mwenye noti yake nyuma. Mmoja sharti atangulie kuamini, la sivyo hapana biashara. Wapo wanaokimbia na fedha ya mwenzao, na wapo wanaojificha nyuma ya pazia la dirisha mpaka gari lishike mwendo. Lakini wapo pia wauzaji wanaokimbia kando ya basi, chenji kiganjani, ili kumfikia mtu ambaye hawatamwona tena maishani. Na wapo abiria wanaoitupa sarafu dirishani gari likiwa linakwenda, ili wasisafiri na deni. Hapana askari aliyewaamuru, wala jirani atakayewasifu. Hao wamelijibu swali la insha hii kwa miguu na mikono kabla ya wasomi kulijibu kwa kalamu.

Uzito wa swali lenyewe waonekana zaidi Handeni, mwendo wa kilomita 65 hivi kutoka Korogwe. Hiyo ni nchi ya Wazigua, ambako mahindi hungoja mvua na mvua haitimizi ahadi yake kila mwaka. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliwapiga Wazigua, hata watu wakajitia rehani wenyewe pamoja na watoto wao ili wapate chakula. Masimulizi yaliyohifadhiwa na wajukuu zao yasema kwamba wafanyabiashara wa pwani waliwaahidi wengine kazi na ujira ng’ambo, pamoja na kurudishwa kwao baadaye. Majahazi yaliwashusha katika pwani ya Somalia, wakauzwa utumwani. Waliotoroka walifanya makao kando ya mto Juba, wakaendelea kusema Kizigua. Vita vilipoivunja Somalia mwaka 1991, baadhi ya vizazi vyao walikimbilia Tanzania, wakapokelewa Handeni. Tangu mwaka 2003 wakawekwa katika makazi ya Chogo, na baadaye wengi wakapewa uraia.

Mwuza wali uliochacha hafanani na mwuza watu kwa ukubwa wa kosa. Lakini hesabu yao huanza na tarakimu moja: huyu hatarudi. Waliowarubuni Wazigua hawakukosa kwa kuwa na chakula; walikosa kwa kumhesabu mwenye njaa kuwa mtu asiye na kesho. Tena hesabu hiyo ilikosea, maana waliodhaniwa kupotea walirudi baada ya karne moja na nusu, kwa miguu ya wajukuu wao, wakaomba chakula kwa lugha ile ile. Hata hivyo, haifai kuisimamisha haki juu ya hofu ya kurudi kwa mtu. Wengi zaidi hawakurudi kamwe, na haki yao haikupungua kwa sababu hiyo.

Yamkini mtu atauliza: mama mwenye mtaji wa siku moja afanyeje na wali uliobaki? Kuumwaga ni kumwaga daftari la mtoto wake. Swali hili si la kubezwa. Umaskini hupunguza lawama, ingawa haukirudishii uzima chakula kilichoharibika. Mlaji anayeshindania bei mpaka faida yote iishe ana sehemu yake katika sahani mbovu. Na mji utozao ushuru pasipo kuleta maji safi una sehemu yake pia. Lakini hata maskini ana njia. Kiporo kizima chaweza kuuzwa kwa jina lake: “Huu ni wa jana,” na bei ikapunguzwa. Hapo mlaji huchagua akijua, na mpishi hubaki na mauzo yake pamoja na heshima yake. Kosa halimo katika kiporo. Limo katika kukiita kipya.

Methali yasema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi huifasiri kwa riziki aletayo mgeni. Yafaa kuifasiri zaidi ya hapo. Mwenyeji hupona kwa mgeni kwa sababu mgeni humpa nafasi ya kutenda wema usiolazimishwa. Mbele ya jirani mtu hujifunza sifa zake. Mbele ya mpita njia hujifunza tabia yake. Atakayeondoka na asirudi ndiye anayedai haki iliyo kamili, maana hana kitu kingine cha kumlinda.