Saa Ishirini kwa Mkono Mmoja

Kuna swali ambalo mtu akiulizwa hucheka kwanza, kisha hunyamaza. Nalo ni hili: mtu huvaa saa moja tu mkononi, basi kwa nini awe nazo ishirini nyumbani? Swali hili linatupata sisi tupendao saa za Kirusi za bei ndogo, zile za kutiwa ufunguo kwa vidole, zisizo na betri. Jibu letu liko tayari siku zote: «Ni za bei ndogo.» Leo tunataka kulipima jibu hilo, tujue kama ni jibu kweli ao ni kisingizio tu.

Kwanza sherti tuseme saa hizi ni nini, maana wengi wakisikia «bei ndogo» hufikiri ni takataka. Sivyo. Mwaka 1930 Warusi walinunua mitambo ya kiwanda cha saa cha Dueber-Hampden, kilichokuwa kimefilisika katika mji wa Canton, Ohio, huko Marekani. Mitambo ile ikapelekwa Moscow, na mafundi wa Kimarekani ishirini na zaidi wakaenda pamoja nayo kuwafundisha wenyeji kazi. Mwaka 1941, majeshi ya Wajerumani yalipoukaribia mji ule, viwanda vya saa vilihamishwa mbali upande wa mashariki. Sehemu moja ilifika Chistopol, mji mdogo kando ya mto Kama, katika inchi ya Watatari. Kutoka uhamisho huo kikazaliwa kiwanda cha Vostok, ambacho hata leo kinatengeneza saa.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 ikaja saa iitwayo Pobeda, maana yake Ushindi. Mashine yake ilitokana na ile ya Wafaransa wa Lip, wa mji wa Besançon. Haikuwa saa ya mabwana. Ilikuwa saa ya mwalimu, ya dereva wa treni, ya mama afanyaye kazi kiwandani. Zilitengenezwa kwa mamilioni, na wingi huo ndio sababu ya kwanza ya wepesi wa bei yake leo. Kitu kilicho kingi hakiheshimiwi sokoni, hata kama ni chema.

Tena kuna bei ndogo inayotoka katika uvivu, na kuna bei ndogo inayotoka katika akili. Watazame wale wa Chistopol na saa yao ya wapiga mbizi, Amphibia, ya mwaka 1967. Saa nyingi za namna hiyo hufungwa nyuma kwa kifuniko cha kusokotwa, na kinaposokotwa huusokota na mpira uliomo. Mikhail Novikov na Vera Belova, walioichora Amphibia, walifanya vingine. Kifuniko chao ni bapa tu, kinalala juu ya mpira mnene, kisha pete ya chuma inakikaza pasipo kukizungusha. Mtu akishuka chini, maji yanakisukuma kifuniko juu ya mpira, na kadiri anavyozidi kushuka ndivyo mlango unavyozidi kufungwa. Kioo nacho ni cha plastiki nene. Maji yakikilemea hutanuka pembeni na kubana chuma. Yaani adui mwenyewe amepewa kazi ya ubawabu! Saa hiyo hustahimili maji hata mita 200. Na kile kichwa kidogo cha ubavuni, ukikifungua, hulegea na kuchezacheza hata mnunuzi mgeni hudhani ameuziwa kitu kilichovunjika. Kimelegezwa kwa makusudi, ili msumari wa ndani usipinde. Hatuoni kwamba kazi ya namna hii yafaa kudharauliwa kwa sababu haina dhahabu.

Kiwanda cha Petrodvorets, ambacho asili yake ni karakana ya kukata mawe iliyoanzishwa kwa amri ya Petro Mkuu mwaka 1721, kiliziita saa zake Raketa baada ya Gagarin kuruka mbinguni tarehe 12 Aprili 1961. Baadhi yake zina namba 24 usoni, na mshale huzunguka mara moja tu kwa siku nzima. Zilifaa kwa watu waendao karibu na ncha za dunia, ambako kwa miezi jua halizami. Sisi tusemao Kiswahili tumezoea kuona mshale mfupi kwenye moja na kusema saa saba. Lakini huko hesabu yetu, inayoanza jua linapochomoza, ingekosa pa kuanzia.

Basi, msomaji atasema: nimeelewa, ni saa njema. Lakini je, zinasema kweli? Hapo tujibu bila kuficha. Moyo wa Pobeda hupiga mara 5 kila sekunde, ndiyo mara 432,000 kutoka asubuhi hata asubuhi, na katika mapigo hayo yote hakuna budi machache yapotoke. Kwa saa ya Vostok ijitiayo ufunguo yenyewe mkono unapocheza, kiwanda kinakubali ikimbie hata sekunde 60 kwa siku, ao ibaki nyuma hata sekunde 20. Saa za kwazi, ambazo Seiko ya Japani ilianza kuziuza mwezi wa Desemba 1969, ziliishinda kabisa mashine ya magurudumu, na leo simu iliyomo mfukoni huishinda hata hiyo kwazi. Mwenye kuvaa saa ya Kirusi kwa ajili ya kujua wakati barabara amekosa njia.

Kwa nini basi kuivaa? Kwa sababu inaomba kitu. Kila asubuhi vidole viwili huzungusha kile kichwa kidogo, polepole, mpaka kamani ikaze na kusema: basi, yatosha. Ukiisahau, inasimama. Simu hutupa wakati kama mtu anayetupa sadaka bila kututazama, bali saa hii twaihudumia kidogo nayo hutuhudumia. Tena ikiharibika, fundi saa huifungua, huona kilichovunjika kwa macho yake, na sehemu ya kuiponya huitoa katika saa nyingine iliyokufa. Hatusemi kwamba hii ni fadhila. Ni furaha tu, lakini ni furaha safi, na haimwibii mtu.

Shida inaanza kwa saa ya pili. Ao tuseme kweli: kwa ya saba.

Aristoteli, mwenye hekima wa Uyunani, katika kitabu chake juu ya siasa alitoa mfano wa kiatu. Kiatu kina matumizi mawili, kuvaliwa na kubadilishwa kwa kitu kingine. Vyote viwili ni matumizi ya kiatu, lakini kiatu hakikushonwa kwa ajili ya lile la pili. Sisi wakusanyaji tumeongeza la tatu, yaani kuwekwa. Saa imelala sandukuni, haipimi wakati wa mtu, haiuzwi, ipo tu. Je, hilo ni kosa? Si lazima. Mwenye vitabu mia tatu hasomi vyote usiku mmoja, na hatumlaumu. Mzee aliyeweka mbegu za aina kumi hapandi zote mwaka mmoja, na kijiji kinamshukuru. Yuko pia mkusanyaji anayejua kila saa aliyo nayo, ilitoka kiwanda gani, mwaka gani, kwa nini Slava ina kamani mbili pale ambapo nyingine zina moja. Maarifa hayo huwagawia watu, na rafiki akiisifu saa, huivua mkononi akampa. Huyo hata akiwa nazo arobaini hatuoni wa kumshitaki.

Lakini yuko mwingine. Furaha yake huisha pale anapofungua kifurushi. Saa ikishawekwa mezani hana haja nayo tena, macho yake yako kwa ile inayokuja. Huyo hapendi saa, anapenda kununua. Na hapa bei ndogo, badala ya kumponya, inamzidishia ugonjwa. Kwa maana kitu cha bei kubwa hubisha hodi: mtu husimama, hufikiri, humwuliza mkewe, hulala kwanza. Kitu cha bei ndogo huingia kimya kama panya. Chukueni kalamu. Saa thelathini, kila moja dola 25, ni dola 750. Mtu huyu hakutoa dola 750 hata siku moja maishani mwake, angekataa kwa hasira kama mngemshauri atoe. Zilitoka mojamoja, na kila moja ilikuwa «si kitu». Wakati ule ule mtoto wake aliambiwa angoje mwezi ujao kwa viatu vya shule.

Tena bei ndogo ina kiburi chake. Tumewasikia wapenzi wa saa hizi wakimcheka mtu mwenye saa ya dhahabu ya Uswisi: ati mpumbavu, amelipa jina. Labda. Lakini ikiwa mtu yule aliipata kwa baba yake, ameivaa miaka thelathini, na hatafuti nyingine, basi katika jambo hili yeye yuko huru kuliko mwenye kumcheka. Kujivunia unyonge wa mali zako ni kujivuna vilevile. Umebadili nguo tu.

Kisingizio hicho hicho kimeingia hata kwa wauzaji. Sokoni zimejaa saa ambazo mashine yake ni ya Pobeda ya zamani, sanduku lake ni la nyingine, na uso wake umepakwa rangi juzi: nyota nyekundu, nyambizi, kifaru, herufi za polisi wa siri. Uso wa namna hiyo mara nyingi haukutoka kiwandani. Kuunganisha saa moja kutoka katika tatu zilizokufa si udanganyifu, ni ufundi, na mafundi wa kila inchi hufanya hivyo. Udanganyifu ni kusema «hii alivaa ofisa wa nyambizi» kwa kitu kilichopakwa rangi jana nyuma ya duka. Ukimkabili mwuzaji atakujibu: «Kwa fedha hizi ulitaka nini?» Yaani ukweli nao una bei, na wewe hukulipa ya kutosha! Tunakataa. Mtu akinunua embe moja ana haki ya kuambiwa kama limeoza, sawa na mwenye kununua shamba zima la maembe.

Na tangu mwezi wa Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine kwa majeshi yake, kuna swali zito zaidi ambalo hatuwezi kulipita. Saa mpya inanunuliwa kutoka kiwanda cha Urusi, na kila kiwanda hulipa kodi kwa serikali yake. Saa ya zamani aghalabu inauzwa na mtu wa kawaida, pengine huko huko Ukraine, anayetoa vitu vya marehemu babu yake kabatini apate mkate. Wenzetu wengine wameacha kununua mpya kabisa. Wengine wanasema mfanyakazi wa Chistopol hakuanzisha vita naye ana watoto wa kulisha. Sababu hizo zote mbili ni za watu wenye kufikiri, na kwa upande wetu twaona ni heri kungoja. Za zamani ziko tele. Lakini wako wanaosema: «Saa moja rahisi namna hii haiwezi kununua risasi.» Hao hatuwakubali. Aonaye ni haki kununua, aseme sababu yake, asijifiche nyuma ya udogo wa bei.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalotusumbua zaidi. Zamani zile viwanda, shule na majeshi ya Urusi vilikuwa na desturi ya kuwapa watu saa kwa zawadi: mtu akimaliza kazi yake, ao akitimiza miaka mingi ya utumishi. Nyuma ya kifuniko huchorwa jina lake, tarehe, na maneno machache ya shukrani. Leo saa hizo ziko sokoni pamoja na nyingine, kwa bei ile ile, pengine kwa bei ndogo zaidi, maana wanunuzi wengi hutaka mgongo safi. Wauzaji wengine hulifuta jina kwa msasa. Je, ni haki?

Mwenyewe ameshakufa, hatalalamika. Watoto wake waliiuza, ao watoto wa watoto wake, na labda walikuwa na shida kuliko tujuavyo, hatuwahukumu. Mnunuzi ameilipia saa, na kwa sheria kifuniko ni chake na jina lililo juu yake ni chake. Lakini jina halikuuzwa. Mtu yule aliamka mapema miaka ishirini na mitano, katika baridi ya huko, na kilichobaki cha kushuhudia pengine ni mistari hii mitatu kwenye chuma kisicho na thamani. Hatuwezi kumrudishia saa. Hatujui hata kaburi lake liko wapi.

Wengine hutuambia: ya nini kusumbuka, jina lenyewe hulalia ngozi, hakuna alionaye. Ni kweli, halionekani. Fundi saa akituuliza kama alifute ili chuma king'ae, tunamwambia atoe jasho na kutu, kisha akirudishe kifuniko kama alivyokikuta.